Seleni: elementi inayonuka, na jinsi ilivyofungwa kwenye kaboni

Jöns Jacob Berzelius alitaka kujua gesi mpya aliyoitengeneza inanukaje, akafanya kama walivyofanya wanakemia wa zama zake: akainusa. Kiputo kimoja tu, kisichozidi punje ya njegere, kikapita puani. Kwa saa tano au sita hakusikia tena harufu ya kitu chochote. Aliweka chupa ya amonia kali chini ya pua, ile amonia inayomtoa mtu machozi angali hatua mbili mbali, asihisi kitu. Mafua makali yaliyofuata yalimshika kama siku 15.

Gesi hiyo ilikuwa selenidi ya hidrojeni, na mkasa huo ni wa siku za mwanzo kabisa za elementi iitwayo seleni. Nimeanza na pua ya Berzelius kwa sababu pua ndiyo iliyoamua mengi katika habari hii. Kampaundi ogani za seleni, yaani zile ambazo seleni imefungwa kwenye kaboni, zilianza kutengenezwa mwaka 1836. Hata hivyo, zaidi ya miaka 100 ilipita kabla hazijawa zana ya kawaida maabarani. Katikati hapo wengi waliingia, wakatengeneza mbili tatu, wakatoka. Walilalamika kuhusu mambo matatu: zinanuka, zina sumu, na haziishi kuvunjika zikiwa mezani. Malalamiko mawili ya kwanza yapo hadi leo. Lile la tatu ndilo litakalotushughulisha, maana kuvunjika huko ndiko kulikokuja kuipa seleni kazi.

Tope jekundu la Gripsholm

Mwaka 1817 Berzelius na mwenzake Johan Gottlieb Gahn walikuwa na hisa katika kiwanda cha asidi ya salfa huko Gripsholm, Sweden. Kiwanda kilichoma salfa iliyotokana na mawe ya mgodi wa Falun, na chini ya vyumba vya kutengenezea asidi, vilivyojengwa kwa madini ya risasi, pakabaki tope jekundu. Likichomwa, lilitoa harufu kali ya figili. Wakadhani ni teluri, elementi ambayo Martin Heinrich Klaproth alikuwa ameipa jina mwaka 1798 kutokana na neno la Kilatini la dunia. Berzelius alipolichunguza tope lile kwa makini zaidi hakuona teluri. Kilichokuwamo ni kitu kipya kinachofanana nayo kama ndugu, naye akakiita kwa jina la Selene, mungu wa kike wa mwezi wa Wagiriki. Dunia ikapata mwezi wake.

Katika jedwali la elementi seleni ni namba 34. Imekaa chini ya salfa na juu ya teluri, zote zikiwa safu moja. Salfa wengi wetu tunaijua. Ndiyo iliyoitwa kiberiti tangu zamani, kabla jina hilo halijahamia kwenye kile kisanduku cha njiti. Elementi za safu moja huwa na tabia za ukoo. Salfa, seleni na teluri zote zina elektroni sita katika tabaka la nje, kwa hiyo mahali salfa inapoweza kukaa ndani ya molekuli, seleni nayo yaweza kukaa.

Ila haikai vilevile. Atomi ya seleni ni kubwa zaidi, na elektroni zake za nje ziko mbali na kiini, kwa hiyo zinashikiliwa kwa ulegevu. Ukitaka kukata kifungo kati ya kaboni na salfa unahitaji takriban kilojuli 272 kwa kila moli. Kati ya kaboni na seleni zinatosha kama 234. Tofauti ya kilojuli 38 yaweza kuonekana ndogo kwenye karatasi, lakini katika kemia ni kama tofauti ya fundo la kamba na fundo la uzi: la pili litafunguka wakati la kwanza bado limekaza.

Zürich, 1836

Ili kuelewa kwa nini mtu alijitia katika kazi hii yenye uvundo, turudi nyuma miaka miwili. Mwaka 1834 William Christopher Zeise, mwanakemia wa Copenhagen, alitangaza kitu kinachofanana na alkoholi ya pombe, ila oksijeni yake imeondolewa na salfa imekaa mahali pake. Akakiita merkaptani, kwa maneno ya Kilatini yenye maana ya kinachokamata zebaki, kwa kuwa kilinata na zebaki upesi sana. Kilinuka vibaya mno. Kwa wanakemia wa wakati ule, lakini, kilikuwa habari kubwa. Walikuwa wakibishana kama vikundi vya atomi, kwa mfano kile tunachokiita leo ethili, vinaweza kuhama kutoka kampaundi moja hadi nyingine bila kuvunjika, kana kwamba ni elementi. Kama ethili inabeba oksijeni, na sasa imebeba salfa, je, seleni?

Aliyejibu ni Carl Löwig, akiwa Zürich. Huyu alikuwa na bahati ya ajabu. Akiwa mwanafunzi alikuwa ameipata elementi ya bromini kwa mkono wake mwenyewe, lakini alipokuwa akishughulika na mitihani na kuandaa sampuli zaidi, Mfaransa Antoine Balard akawahi kuitangaza mwaka 1826. Mara hii hakuna aliyemtangulia. Selenidi ya diethili aliyoitoa mwaka 1836, atomi moja ya seleni iliyoshikwa na vikundi viwili vya ethili, ndiyo inayohesabiwa kuwa kampaundi ogani ya kwanza ya seleni kutengenezwa na binadamu. Haikuwa safi. Mwaka 1847 mwanakemia aitwaye Siemens akatangaza selenoli ya ethili, ambayo ni merkaptani ya Zeise ikiwa na seleni badala ya salfa. Mwaka 1853 Charles Joy, kijana wa Marekani aliyekwenda kusoma Göttingen kwa Friedrich Wöhler, akaisafisha selenidi ya diethili na kuieleza ipasavyo. Wöhler mwenyewe alikuwa amekwisha kutengeneza ndugu yake ya teluri mwaka 1840. Ukoo mzima ukawa umeingia katika kemia ya kaboni ndani ya miaka ishirini.

Njia waliyoizoea katika karne ya 19 haikuwa ngumu kuielewa. Kwanza unailisha seleni elektroni. Ukiiyeyusha au kuichemsha pamoja na potasi kwa namna fulani, kila atomi ya seleni hupokea elektroni mbili za ziada na kuwa selenidi. Sasa imeshiba elektroni na inatafuta pa kuzishirikisha. Unailetea kaboni iliyobeba kikundi kinachoweza kuondoka, kwa mfano kikundi cha salfeti kilichopachikwa kwenye ethili. Fikiria chumba chenye mpangaji aliyekwisha kufunga virago: seleni inaingia kwa mlango wa nyuma, salfeti inatoka kwa mlango wa mbele. Kaboni imepata seleni.

Ugumu unaanzia hapo. Selenidi ina mikono miwili. Ikishika ethili moja, mkono wa pili bado uko huru, nao utashika ethili nyingine. Ukitaka ile yenye mkono mmoja tu, selenoli, lazima mkono wa pili uwe tayari umeshika hidrojeni. Hata ukifanikiwa, hewa inaingia: oksijeni inanyofoa hidrojeni, na molekuli mbili za selenoli zinashikana seleni kwa seleni. Hiyo ndiyo diselenidi. Ukiacha chupa wazi kwenye mwanga na joto, mara nyingi utakuta vumbi jekundu limetua chini. Ni seleni yenyewe, imejitoa na kurudi ilikotoka. Bila tanuri la kisasa, bila gesi ya kuzuia hewa, na kwa chombo kinachonuka mpaka jirani anabisha hodi, ndiyo maana kila mmoja alitengeneza kidogo na kuondoka.

Mabaki ya Crookes

Kulikuwa na njia nyingine, na aliyeishika mapema alikuwa kijana ambaye hajafika miaka 20. William Crookes alisoma katika Chuo cha Kifalme cha Kemia, London, chini ya August Wilhelm Hofmann. Hofmann alimpa mabaki yenye seleni kutoka Tilkerode, katika milima ya Harz nchini Ujerumani, ambako kulitengenezwa asidi ya salfa. Tazama: Gripsholm mabaki, Tilkerode mabaki. Seleni haichimbwi kwa jina lake. Siku zote inaokotwa kwenye takataka za kazi nyingine. Hata leo sehemu kubwa ya seleni duniani hutoka kwenye tope linalobaki shaba inaposafishwa kwa umeme.

Crookes alitoa seleni katika mabaki hayo na kutengeneza selenosianidi, akachapisha makala yake ya kwanza mwaka 1851. Uzuri wa selenosianidi ni kwamba seleni imeshikwa upande mmoja na kikundi cha kaboni na naitrojeni, kwa hiyo ina mkono mmoja tu wa kufanyia kazi. Inajifunga kwenye kaboni unayoitaka mara moja, basi. Ukitaka kuendelea, unakiondoa kile kikundi cha sianidi na kubaki na selenoli au diselenidi. Tatizo la mikono miwili likawa limepunguzwa nguvu, ingawa sianidi nayo si kitu cha kuchezea.

Yaliyobaki kwenye chupa hakuyatupa. Alidhani yana teluri. Miaka kumi baadaye, kifaa cha Bunsen na Kirchhoff cha kuchambua mwanga kilipokuwa kimeenea, akayachoma na kutazama. Badala ya mistari ya teluri aliona mstari mmoja wa kijani kibichi ambao hakuna aliyewahi kuuandika. Ilikuwa mwaka 1861, na elementi hiyo akaiita thali, kutokana na neno la Kigiriki la chipukizi. Kwa hiyo mwanzo wa utafiti wa seleni na kaboni ukazaa elementi nyingine kabisa, kwa sababu tu mtu mmoja alikuwa na tabia ya kutotupa mabaki.

Kuipachika kwenye pete ya benzeni

Kaboni za ethili ni laini. Seleni inaingia kwa kumsukuma mpangaji. Pete ya benzeni haikubali hivyo. Kaboni zake sita zimeshikana kwa namna inayomfanya mpangaji akatae kutoka, kwa hiyo njia ya Zürich ilikwama mlangoni. Hapa Camille Chabrié wa Ufaransa aligeuza mambo mnamo 1889: badala ya kuifanya seleni ishibe elektroni, aliifanya iwe na njaa nazo. Alichukua kloridi ya seleni na kuiacha ishambulie benzeni ikisaidiwa na kloridi ya alumini. Matokeo yalikuwa mchanganyiko, lakini seleni ilikuwa imekaa kwenye pete. Friedrich Krafft, huko Heidelberg, alikuja na njia safi zaidi katika miaka ya 1890. Alipasha moto seleni pamoja na kampaundi yenye pete mbili za benzeni zilizounganishwa na salfa iliyobeba oksijeni. Salfa ikatoka kama gesi, seleni ikakalia kiti chake.

Kilichorahisisha kazi kwelikweli ni magnesi. Victor Grignard alionyesha mwaka 1900 kwamba magnesi ikiingizwa kati ya kaboni na bromini, kaboni ile hugeuka kuwa mpaji wa elektroni. Mwaka 1903 tayari watu walikuwa wakiinyunyizia unga wa seleni. Atomi ya seleni inajipenyeza kati ya kaboni na magnesi. Ukimwagia asidi, unapata selenofenoli. Bado ndivyo inavyofundishwa. D. G. Foster alichapisha maelekezo yake mwaka 1944 katika mfululizo wa Organic Syntheses, ambao huchapisha tu njia zilizorudiwa na maabara nyingine zikafanikiwa.

Na uvundo? Haukuondoka. Kampaundi moja, diselenidi ya kaboni, ambayo ilielezwa mwaka 1936, ina sifa mbaya kiasi kwamba wanakemia husimulia kuwa kijiji jirani kililazimika kuhamishwa. Sitaapa kwa kisa hicho, ila kila aliyewahi kufungua chupa ya selenoli anakiamini.

Mwili nao ni maabara

Hata kabla mwanakemia hajainunua chupa, viumbe hai vilikuwa vikifanya kazi hiyo. Watu na wanyama waliomeza seleni au teluri walijulikana kwa pumzi yenye harufu ya kitunguu saumu. Mwaka 1894 Franz Hofmeister alipendekeza kwamba mwili wenyewe unaipachika methili, kikundi kidogo kuliko vyote vya kaboni, kwenye atomi hizo na kuzitoa kama gesi. Frederick Challenger, huko Leeds, alithibitisha jambo hilo kwa kuvu miaka ya 1930: ukungu unaoota kwenye mkate uliowekewa chumvi ya seleni ulitoa selenidi ya dimethili. Kile ambacho Löwig alihangaika nacho Zürich, ukungu unakifanya kwenye mkate uliolala.

Wakati huohuo, kwenye nyanda za Dakota Kusini, Marekani, mifugo ilikuwa ikikatika kwato na kupoteza manyoya. Wafugaji waliuita ugonjwa wa magadi, wakidhani ni chumvi za ardhini. Kurt Franke na wenzake walionyesha mwaka 1934 kwamba sumu ilikuwa ndani ya nafaka, na ilikuwa seleni. Tena haikuwa imetapakaa ovyo; ilikuwa imejificha ndani ya protini. Shaka ikaangukia asidi amino zenye salfa. Kama mmea hauwezi kuzitofautisha hizi elementi mbili, huenda unajenga protini zake kwa tofali lisilo lake. Lakini utaitambuaje molekuli ambayo hakuna aliyewahi kuiona? Unaitengeneza mwenyewe, kisha unalinganisha.

Arne Fredga alifanya hivyo Uppsala, chuo kilekile alichosoma Berzelius udaktari. Mwaka 1936 alitangaza selenosistini, pacha wa sistini, asidi amino yenye salfa. Selenomethionini ikatengenezwa katika miaka ya 1940. Kwa mtazamo wangu hapa ndipo utafiti huu ulipobadilika sura: kabla ya Dakota mtu aliunganisha seleni na kaboni ili kuona kama inawezekana; baada ya Dakota kulikuwa na swali la mkulima lililokuwa likingoja jibu.

Kisha likaja jambo lililowachanganya wengi. Mwaka 1957 Klaus Schwarz na Calvin Foltz walionyesha kwamba panya wanaonyimwa seleni huharibika ini. Sumu ile ile, kwa kiasi kidogo sana, ni lazima. Mapendekezo ya Marekani kwa mtu mzima ni mikrogramu 55 kwa siku, na kikomo cha juu ni 400. Njia ni nyembamba.

Madison, 1973

Mwaka 1973, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison, mambo mawili yalitokea chini ya paa za chuo kimoja. Kundi la John Rotruck na William Hoekstra lilionyesha kwamba seleni imo ndani ya kimeng'enya kinachoangamiza peroksidi mwilini. Watafiti wa Ujerumani walifikia hapohapo mwaka uleule. Na katika idara ya kemia, Hans Reich alionyesha namna ya kuitumia seleni kama zana. Barry Sharpless, aliyekuja kupata Nobeli mbili, alikuwa kwenye njia hiyohiyo, na Waingereza walikuwa wameiona dalili yake tangu 1970.

Kazi ya Reich inaeleweka ukiukumbuka uzi na kamba. Unapachika seleni yenye pete ya benzeni jirani na mahali unapotaka kifungo maradufu. Unaongeza peroksidi ya hidrojeni, ile ya kusafishia vidonda. Seleni inapata oksijeni, na katika joto la kawaida la chumba inajing'oa yenyewe, ikiondoka na hidrojeni ya kaboni ya pili. Kaboni mbili zinabaki zimeshikana mara mbili, mahali ulipopanga. Ukijaribu hivyo kwa salfa, mara nyingi utahitaji moto wa zaidi ya nyuzi 100, na molekuli nyingi za thamani haziuvumilii. Vumbi jekundu lililowasikitisha watu wa karne ya 19, dalili kwamba seleni haikai, sasa ndilo walilokuwa wakilinunua: kitu kinachoingia, kinafanya kazi, kinaondoka.

Kimeng'enya nacho hutegemea ulegevu huohuo. Mwaka 1976 maabara ya Thressa Stadtman ilionyesha kwamba seleni ndani ya kimeng'enya cha bakteria imo katika selenosisteini, nusu ya molekuli ya Fredga. Hidrojeni iliyoko kwenye seleni hiyo hutoka kirahisi kuliko ile ya salfa, kwa hiyo katika hali ya kawaida ya mwili seleni iko uchi, tayari kushika. Inapokea oksijeni ya peroksidi, kisha inaiachia, na kurudi mwanzo.

Kuna chupa moja iliyongoja muda mrefu kuliko zote. Mwaka 1924 Lesser na Weiss, Wajerumani wawili waliokuwa wakichunguza pete zenye seleni, walitengeneza kampaundi ambayo haikuwa na matumizi yoyote. Miaka sitini baadaye ikagunduliwa kwamba inaiga kimeng'enya kile cha peroksidi bila kuimwaga seleni yake mwilini, jambo linaloifanya isiwe na sumu kali. Leo inaitwa ebseleni. Mwaka 2020 jina lake lilijitokeza tena, miongoni mwa dawa zilizokizuia kimeng'enya kikuu cha virusi vya korona maabarani.

Anayefanya kazi na seleni sasa huagiza diselenidi ya difenili, fuwele za njano ambazo hazinuki sana, na kuzivunja pale tu anapozihitaji, ndani ya kabati la kunyonya hewa. Akimaliza, vyombo havitoki humo kabla ya kulazwa kwenye jiki, maana jiki huipa seleni oksijeni na kuukata uvundo. Anayesahau hatua hiyo hupata habari kwenye basi akirudi nyumbani, viti vya kando yake vinapobaki vitupu.